Nani Akatazwe Ufuo wa Merovi

Hapo zamani, wala si zamani sana, maana magari yalikuwepo na simu zilikuwepo, paliishi mjane mmoja katika kisiwa cha Merovi, huko Bahari ya Mediterania. Jina lake Despina. Nyuma ya shamba lake la mizeituni palikuwa na ufuo. Ufuo gani huo! Hapana mwamvuli, hapana kibanda, hapana kiti cha kukodi. Mchanga mweupe, maji unayaona mpaka chini, na kila kiangazi kasa walipanda pale kutaga mayai.

Njia ya kwenda ufuoni ilikatiza shambani kwa Despina, naye alikuwa ameiziba kwa ukuta wa mawe, akaacha uwazi wa kupita mtu mmoja. Aliyetaka kuogelea alipita kwa miguu. Aliyetaka kupita na gari alirudi alikotoka, na matusi juu.

Basi kiangazi kimoja akaja mgeni, Mwanahawa, binti wa Tanga, muuguzi katika mji mkuu wa nchi ile. Despina akampitisha. Mwanahawa alipouona ufuo akakaa mchangani, akalia.

"Una nini, mwanangu?"

"Mama, kwetu palikuwa hivi hivi. Wakajenga hoteli, wakazungushia seng'enge. Sasa nikienda hata kuchovya mguu naulizwa mimi ni nani."

"Hapa ogelea utakavyo. Ila niahidi jambo moja: usimwambie mtu."

"Nakuahidi, Mama. Simwambii mtu."

Kumbe kampuni moja ilikuwa imeshaomba kibali cha kujenga hoteli pale pale. Despina akaenda ofisini, akaambiwa asubiri. Akaenda tena, akaambiwa mhusika hayupo. Akaenda tena, akaambiwa ufuo ni wa serikali, yeye atunze mizeituni yake. Akarudi nyumbani amejaa hasira.

Mwanahawa alipopata habari akazitoa picha alizopiga, akaziweka mtandaoni, na jina la kisiwa, na njia ya kufika. Akawaomba watu wapaze sauti. Wakapaza! Kelele zikazidi hata kampuni ikanyimwa kibali. Hoteli ikafa.

Lakini waliopaza sauti wakataka kupaona. Wakaja. Wakaja na spika za muziki, wakaja na majiko ya kuchomea nyama, wakaondoka wakaacha chupa na nepi. Despina akawa anaokota huku anawalaani, na wao wanampiga picha.

Siku moja mgeni mmoja akaanguka mchangani, moyo umegoma. Gari la wagonjwa likafika ukutani, likakwama. Stratis, mtoto wa kaka yake Despina, akapanda trekta la shangazi yake, akaubomoa ukuta. Gari likapita. Yule mtu akapona.

"Umefanya vyema," Despina akamwambia. "Sasa yarudishe mawe."

"Kesho, shangazi."

Kesho yake ikawa, "Nina majani ya mbuzi ya kukata, shangazi. Kesho." Na kesho ikazaa kesho.

Jumapili, jua la mchana, Despina akasikia ngurumo. Akachungulia dirishani. Magari, yamefuatana, yanapenya kwenye mizeituni, yanalielekea pengo. Trekta lilikuwa uani, na kuliendesha alijua. Angeliegesha pale penye pengo, lisingepita gari hata moja. Lakini moyo ulikuwa umemjaa.

"Sitoki," akasema. "Aliyewaita awafukuze. Aliyebomoa azibe."

Akafunga dirisha.

Walipoondoka, akashuka ufuoni. Alama za matairi zimekwenda ncha hadi ncha, juu ya mashimo ya kasa. Akapiga magoti, akafukua kwa mikono. Mayai yamepondeka. Vitoto vilivyokuwa karibu kutoka vimebanwa humo humo. Akapata kimoja kinachezesha pezi. Kikatulia kiganjani mwake, kikafa. Despina akapiga ukelele uliosikika kijijini.

Madereva hawakujulikana. Kijiji kikawaka hasira. Wazee wakaketi, wakawaita Despina, Stratis na Mwanahawa, wakasema: "Ukuta utajengwa. Na mmoja wenu hataukanyaga ufuo ule tena maishani, watu wajue kwamba hatuchezi."

Stratis akaruka. "Mlitaka nimwache mtu afe kwa ajili ya mawe? Ningeubomoa hata leo!"

"Hatukuulizi kubomoa," mzee mmoja akasema. "Tunauliza mawe yalilala chini kwa nini."

"Nina mikono mingapi mimi? Na mbona mtu aliyepona hamumtaji?"

Mwanahawa akasema, "Nilivunja ahadi, sikatai. Lakini ningenyamaza, leo pale pana hoteli, na sisi sote tuko nje ya seng'enge, na kasa pia. Ufuo wa kwetu nilishanyang'anywa. Mtaninyima na huu niliouokoa?"

"Uliouanika!" Despina akafoka. "Nilikuomba kitu kimoja tu!"

"Nawe, Mama, uliwaona wakija."

Uso wa Despina ukaiva.

"Niliwaona. Tangu nimzike mume wangu nimeulinda ufuo ule peke yangu. Nimeokota uchafu wa watu wasiojua hata kunisalimu. Mlikuwa wapi ninyi nilipozungushwa ofisini? Siku moja, siku moja tu, nimechoka. Na kwa siku hiyo mnanisimamisha hapa na mvunja ahadi na mtu wa kesho?"

Wazee wakashauriana. Wa kwanza akamtaja Mwanahawa, wa pili akamtaja Stratis, wa tatu akamtaja Despina, na hakuna aliyekubali kulegeza.

Waliopitisha magurudumu wako kwao, wanakula na kunywa, hakuna anayewauliza. Hawa watatu walioupenda ufuo ndio wamesimama mbele ya watu, na mmoja wao ni lazima akatazwe. Haya, ninyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Mmoja alisema ilhali aliahidi kunyamaza, mmoja alibomoa asijenge, mmoja aliona akafunga dirisha. Je, nani alistahili kukatazwa ufuo?