Goti la Twiga Kwenye Mto Kibwaga

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi wa nyuma mmejibu kwa pua. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Atakayesema naongopa na atoke sasa hivi. Niliyaona kwa macho haya mawili, nimekaa juu ya kichuguu, nimelowa chapachapa, gunzi la hindi mkononi. Zamani hizo, kale ya kale, wanyama ndio waliokuwa na ofisi, sisi watu tulikuwa tukichungulia tu. Palikuwa na barabara iliyokatiza Mto Kibwaga.

Barabara ile ilikuwa na idara yake. Mkubwa wa idara alikuwa Nyati. Mlinzi wa kizuizi alikuwa Muhanga, mchimbaji mwenye pua ndefu na masikio ya punda. Kalavati lililo chini ya barabara alilichimba yeye, kwa kucha zake, maji yapite chini, miguu ipite juu. Na mpimaji wa mafuriko alikuwa Korongo. Mvua ikinyesha, Korongo anasimama katikati ya barabara. Maji yakimfika gotini, anagonga mdomo: ko-ko-ko-ko! Muhanga anashusha mti. Njia imefungwa. Sheria ilikuwa hiyo moja: maji yakifika gotini, funga. Miaka nenda miaka rudi, hakuzama hata panya.

Masika ya mwaka ule Korongo akachukua likizo, akaenda kulalia mayai. Nyati akamweka Twiga mahali pake.

"Goti ni goti," alisema.

Mvua ikaja. Ikanyesha siku ya kwanza. Ikanyesha ya pili. Ikanyesha ya tatu, pwaa! pwaa! pwaa! Maji yakapanda barabarani.

"Mpimaji!" Muhanga akaita. "Yamefika wapi?"

"Kwatoni!" Twiga akajibu, anatafuna majani ya mgunga.

Yakapanda. Yakapanda tena.

"Mpimaji! Sasa je?"

"Goti hata harufu ya maji halijaisikia!"

Muhanga akasimamisha masikio. Tangu asubuhi kalavati lilikuwa likiimba bwa-bwa-bwa. Sasa kimya. Kalavati likinyamaza, limekabwa na matawi. Na maji yakikosa mlango hula ukuta. Akaweka pua chini. Tuta lililobeba barabara lilikuwa likitetemeka.

Mara huyo, Mama Digidigi, mbio, mdogo kuliko paa wote.

"Kaka Muhanga, nipishe! Mwanangu nimemficha kwenye nyasi ng'ambo. Ana siku tatu. Hajanyonya tangu alfajiri!"

Muhanga akashusha mti. Kwaa!

"Nani kakuamuru?" Nyati akafoka kutoka kibandani. "Mpimaji hajaita!"

"Mheshimiwa, tuta linaliwa chini."

"Maji yamefika gotini?"

"Hayajafika."

"Basi fungua! Au nikurudishe porini ukale mchwa."

Mama Digidigi naye akamjia juu. "Umezaa wewe? Una uchungu wewe? Pua ndefu kama bomba, huruma haijazi kijiko!"

Muhanga akapiga hesabu. Akifungua, mama huyu anazama. Akifunga na tuta lisivunjike, kazi imekwenda, na mtoto kafa njaa. Nyati hakungoja. Akauinua mti kwa pembe, akautupa mtoni. Chubwi!

Muhanga akafanyaje? Akalala barabarani. Kifudifudi. Akachimbia kucha zake ardhini.

"Mheshimiwa, kizuizi ni mimi."

"Mkanyage upite," Nyati akamwambia Mama Digidigi.

Mama Digidigi akaweka ukwato mmoja mgongoni kwa Muhanga. Mgongo unatetemeka, akadhani ni woga. Akaruka, akatua upande wa pili. Na ardhi ilikuwa ikitetemeka vilevile. Akarudi nyuma, hatua moja, hatua mbili.

Kra! Kraa! Kraaaa!

Tuta likakatika. Barabara ikaondoka na Twiga juu yake, shingo inazunguka kama mwiko kwenye uji. Akaung'ata mgunga wa ng'ambo, akajivuta, magoti yote yamechunika.

Mama Digidigi akapiga yowe. "Mwanangu!"

"Dada," Muhanga akasema, matope mpaka machoni, "kuna mchepuko. Juu kule, kwenye mawe wanakoishi pelele, mto unavukika. Ni mbali. Nifuate mimi."

Wakaenda. Mawe yanateleza, wakaenda. Mvua inachapa, wakaenda. Mama anaita, hajibiwi, wakaenda. Jua linazama ndipo wakafika ng'ambo. Wakamkuta Twiga kasimama kwenye nyasi, miguu minne kaitanua, tumbo lake limekuwa paa la nyumba. Chini yake, katoto. Kakavu. Kakainuka, kakanyonya.

Maji yalipokauka, Nyati akawaita wanyama wote, akainamisha pembe, akaomba radhi. Tangu siku ile mafuriko hupimwa kwa goti la Digidigi, na kalavati huzibuliwa kabla ya mvua.

Wakubwa kwa watoto, shikeni hili: anayepima hatari kwa kimo cha mrefu humzamisha mfupi. Na mwenye kazi yake akikwambia ardhi inatetemeka, usimwulize cheo.

Hadithi yangu imefika ukingoni, naishusha hapo. Yote niliyaona, naapa. Ila lile la Nyati kuomba radhi nimelitia mwenyewe. Hakuomba. Nikaona haya, nikamwombea mimi.