Mjomba Wake Hansa

"Aliyefungwa uzi habishi hodi." Mmemsikia jirani yetu Zuhura akimwambia mkwewe hivyo, nanyi mkaja mbio kuniuliza ni uzi gani huo, wa cherehani au wa nyavu. Wala si huo. Kaeni, na mwenye simu aizime, maana mimi sirudii. Neno hilo lilizaliwa hapa hapa Kilosa nikiwa nasikia kwa masikio yangu, nikikaanga puri, vile vimikate vya Kihindi, jikoni kwa watu.

Palikuwa na mwanamke wa Kihindi aliyeitwa Damayanti, mke wa Bwana Vallabh mwenye duka la vitambaa karibu na stesheni. Sisi tulimwita Mama Hansa, kwa jina la bintiye. Sikukuu zao mji mzima tulizijua. Diwali ilipofika waliwasha vitaa vya udongo vizingitini kukaribisha heri, fataki zikalia, na watoto wetu wakarudi na ladu mifukoni. Holi waliwasha moto, kesho yake wakarushiana rangi, na mwenye kinyongo alipakwa mpaka kikamtoka. Lakini ilikuwapo sikukuu moja ya kimya, isiyotoka nje ya nyumba. Mwezi ukipevuka wakati wa kipupwe, dada humfunga kaka yake uzi mwekundu mkononi na kumwombea uhai, naye kaka huahidi kumlinda. Wenyewe huiita Raksha Bandhan.

Mama Hansa alikuwa na kaka mmoja tu, huko Gujarat, India, na kila mwaka alimpelekea uzi kwa posta. Mwaka mmoja ikaja habari kwamba kaka amefariki. Sikukuu ilipofika alikaa jikoni, uzi uko mapajani, machozi yanamtoka. Ndipo akaingia Kobelo seremala, Mluguru wa milimani, amekuja kutengeneza mlango wa stoo. Mama Hansa akamtazama, akasema, "Kaka Kobelo, lete mkono."

"Hirizi hiyo?" Kobelo akauliza. "Mimi Mwislamu, mama."

"Si hirizi, ni uzi wa ndugu. Nikikufunga, wewe ni kaka yangu na mimi ni dada yako."

Kobelo akafikiri kidogo, akanyoosha mkono. "Funga. Mtu hachoki kuwa na dada."

Tangu hapo kila mwaka alikuja kufungwa uzi na kulishwa kitu kitamu. Bwana Vallabh aliona hayo ni mambo ya wanawake, akawaachia.

Sasa kuna jambo ambalo Wahindi wale hawakulijua. Kwa Waluguru, ukoo ni wa mama. Baba analea, lakini mwenye neno juu ya mtoto ni mjomba, kaka yake mama. Binti akiposwa mjomba hajui, hilo ni tusi. Kwa hiyo Kobelo hakuhesabu kwamba amepata dada tu. Alihesabu kwamba amepata mpwa, naye ni Hansa.

Hansa akakua, akaposwa na watu wa Dodoma. Kobelo aliitwa, lakini kuchonga nguzo za kibanda cha ndoa. Akachonga huku anangoja kuambiwa neno, na neno halikuja. Mama Hansa alitaka aambiwe, ila mumewe alisema, "Wakwe watatuonaje wakisikia kaka yako ni seremala wa Kiluguru?" Naye akaufyata. Kobelo akakusanya randa na misumeno yake, akaenda zake bila kuaga.

Siku ya harusi ikafika, katikati ya masika. Wakwe walikuja kwa treni kutoka Dodoma, wakafika salama. Na kwa desturi za Wahindi wale, mjomba ndiye anayemletea bibi harusi nguo, na ndiye anayemshika mkono kumtoa chumbani mpaka kibandani. Bwana Vallabh alikuwa amepanga binamu mmoja wa mkewe atoke Dar es Salaam ashike nafasi hiyo. Asubuhi habari ikatoka stesheni kwamba mafuriko yamekula tuta la reli, na treni ya Dar haiji.

Maharaji, kasisi wao, alikuwa ameshatazama nyota zake. Saa njema ilikuwa kabla ya adhuhuri, na ikipita hiyo, nyingine ni baada ya miezi. Bwana Vallabh akasema basi, rafiki yake wa duka la jirani atasimama badala. Hapo akainuka bibi yake bwana harusi, waliyemwita Motiba, kizee kifupi chenye fimbo.

"Mjomba hakodishwi," akasema. "Kesho binti akipata shida kwetu, atamkimbilia nani? Muuza duka wa jirani? Kama hana mjomba, tunarudi Dodoma."

Jikoni tuliacha puri zikaungua. Hansa alikuwa amekaa chumbani, hina mikononi. Moyo uliniuma, nasema kweli. Binti angeachwa na hina mkononi, mji huu ungemsema mpaka azeeke.

Mara tukasikia langoni, "Hodi! Hodi wenyewe!" Alikuwa Kobelo, amevaa kanzu na koti, doti ya kanga iko kwapani, uso ameukunja.

Bwana Vallabh akamkimbilia. "Bwana Kobelo, karibu mgeni, lakini leo..."

"Mgeni?" Kobelo akapaza sauti, uwanja mzima ukageuka. "Mimi mgeni? Basi ndiyo maana nimebisha hodi, ili mwone aibu! Mpwa wangu anaolewa, sijaambiwa! Nani alipokea posa? Nani alikaa na wakwe, mimi sipo? Mnaniita kuchonga nguzo kama mtu baki! Yuko wapi huyo mume, nimwone!"

Bwana Vallabh akataka kumvuta pembeni. Motiba akainua fimbo. "Mwache. Ni nani huyu?"

Kisha Mama Hansa akatoka ndani, bila kumtazama mumewe. "Ni kaka yangu," akasema. "Nilimfunga uzi kwa mkono wangu mwenyewe. Sikumwita, kosa ni langu." Akamgeukia Kobelo. "Nawe kaka, kosa lako ni hilo la kusimama nje. Aliyefungwa uzi habishi hodi. Mpwa wako anakungoja, ingia!"

Sote tukamtazama Motiba. Yule bibi alimkagua Kobelo kutoka kofia mpaka viatu, tena hakuwa na haraka.

"Wa kukodi angekuja anachekacheka, anatafuta chakula," akasema. "Huyu amekuja na ugomvi. Huyu ndiye mjomba. Maharaji, washa moto wako."

Jamani! Sijapata tena kusikia watu wengi wakishusha pumzi pamoja namna ile. Mama Hansa alicheka na kulia. Bwana Vallabh alimshika Kobelo kwa mikono miwili, na Kobelo, aliyekuja na hasira za kumtosha mpaka magharibi, akawa hajui azipeleke wapi. Akamfunika Hansa kanga mabegani, juu ya sari, akamshika mkono, akamleta kibandani polepole kama mwenye mali. Moto ulipowaka akarudi nyuma. "Huo ni wenu," akasema. "Langu nimemaliza." Na saa njema ilikuwa haijapita.

Mwaka uliofuata, siku ya uzi, nilikuwapo tena. Kobelo alipitia mlango wa nyuma, akafunua sufuria kabla hata ya salamu, akaonja, akalalamika kwamba chumvi haitoshi. Mama Hansa akamgombeza, na Bwana Vallabh akanyanyuka mwenyewe kumpisha kiti. Basi, wanangu, ukishamfanya mtu ndugu usimwache langoni, nawe uliyefanywa ndugu usisimame huko ukingoja kuitwa. Aliyefungwa uzi habishi hodi.