Mipira Iliyoanikwa

Wahenga walituambia kwamba kuuliza si ujinga. Methali hii hufundishwa watoto, ingawa wanaoihitaji zaidi ni watu wazima walio radhi kukosea kuliko kuuliza. Mzee Akonaay wa Dongobesh alikuwa mmoja wao. Tangu mkewe afariki aliishi peke yake, na nyumba ilikuwa kimya mpaka akawa anazungumza na ng'ombe.

Mwanzoni mwa Kwaresma binti yake Evaline, mwalimu huko Mtwara, alimtumia kwa basi mkebe wa mipira ya tenisi.

"Baba, Pasaka nakuja," alimwambia kwenye simu. "Tutacheza nyuma ya kanisa kama zamani. Ila mkebe usiufungue."

Mzee alitaka kuuliza sababu, akanyamaza. Mkulima mzima aulize namna ya kutunza vitu?

Wiki haikuisha, wasiwasi ukamwingia. Maharage yakifungiwa na unyevu huvunda, sembuse mipira! Akakivuta kifuniko. Mkebe ukatoa pumzi, fyuu!

"Nilijua," akasema. "Ilikuwa imeanza kuvunda."

Basi kila jua lilipotoka aliianika uani pamoja na maharage ya akiba, kwa upendo wote. Mara kadhaa alishika simu amuulize binti yake, akairudisha mfukoni. Aliogopa kuonekana mshamba.

Pasaka Evaline akafika. "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Mipira yako mikavu kabisa!"

Uwanjani Evaline akaudundisha mmoja. Ukaanguka pu, kama kiazi. Mingine nayo vivyo hivyo.

"Baba, ndani ya mpira kuna hewa iliyoshindiliwa. Ndani ya mkebe nako imeshindiliwa, ndiyo maana ile ya mpirani haitoki. Ukifungua, inavuja kidogo kidogo. Kwa nini hukunipigia?"

"Niliogopa utanicheka."

"Ningecheka, ndiyo. Kule sina wa kucheka naye. Kila jioni nilikuwa naisubiri simu yako."

Mzee aliumia moyoni. Swali moja lingeiokoa mipira na kuwapunguzia upweke wote wawili.

Kesho yake Evaline aliondoka bila kucheza. Jioni nyumba ikawa kimya tena. Mzee akaitoa simu, na safari hii hakuirudisha mfukoni.

"Mwanangu, nina swali la kijinga. Huko Mtwara maharage mnaanika?"

Evaline akacheka mle ndani ya basi hadi abiria wakageuka, kisha akaanza kumweleza baba yake habari za Mtwara, moja baada ya nyingine. Kweli, kuuliza si ujinga.