Mashtaka Saba ya Koplo Kibwana

"Mla pilau hasomewi bizari."

Jana, wajukuu zangu, mlilisikia neno hilo likimtoka mama mkwe wa jirani yetu Rukia, mkacheka, kisha mkaniuliza limezaliwa wapi. Kaeni basi. Halikuzaliwa zamani za masultani. Lilizaliwa juzi juzi tu, simu zikiwa mikononi mwa watu, na mwanzo wake ni huu.

Palikuwa na kijana mmoja wa Tanga, Kibwana, aliyefanya kazi kwenye steshenari. Kazi yake ilikuwa kuwajazia watu fomu: za shule, za leseni, za kuzaliwa na za kufa. Jambo moja lilikuwa limemwingia mpaka kwenye mifupa: fomu yenye nafasi tupu hurudishwa. Kwa hiyo Kibwana hakuacha nafasi. Palipoulizwa jina la mume, naye mwenye fomu hajaolewa, aliandika, "Anatafutwa."

Akitoka kazini, Kibwana alikuwa polisi. Si polisi wa kweli, la. Polisi wa mchezo wa mtandaoni. Vijana wa kutoka Mombasa mpaka Kigoma walikutana humo kwa simu zao, wakajenga mji wa kuigiza, kila mtu na kazi yake: huyu daktari, huyu muuza samaki, yule mwizi kwa hiari yake. Mji ulikuwa na kituo, na mahabusu, na sheria. Polisi akimkamata mtu, humjazia fomu ya mashtaka, humsomea, kisha huipeleka kwa mkuu wa kituo akaigonge muhuri. Fomu yenyewe ilikuwa na mistari saba. Na sheria ilisema: atakayefikisha mashtaka saba kwa siku moja anafutwa mjini, asirudi tena.

Siwema, binti wa shangazi yake, naye alikuwa raia wa mji huo. Wote wawili waliishi kwa bibi yao, Bi Kidawa. Mle mchezoni Siwema alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Mwaka mzima aliitumikia kazi hiyo, mpaka akapewa nyumba ya ghorofa yenye bustani; yeye ambaye kwa Bi Kidawa alilala chumba kimoja na gunia la mkaa.

Ijumaa moja alasiri, Koplo Kibwana aliacha gari la polisi likiunguruma mbele ya mkahawa wa mchezoni. Siwema akalipanda, akazunguka nalo mji mara mbili, king'ora kinalia, kisha akalirudisha. Akakamatwa akicheka.

Siwema alikuwa barazani na simu yake, Kibwana sebuleni na yake.

"Raia Siwema, unasomewa mashtaka," Kibwana akasema kwa sauti nzito asiyozaliwa nayo. "Moja, kuchukua gari la polisi. Mbili, kukalia kiti cha gari hilo. Tatu, kushika usukani wake. Nne, kutumia mafuta yaliyomo. Tano, kuondoka na king'ora. Sita, kuondoka na kofia ya Koplo iliyokuwa kitini. Saba, kucheka ndani ya gari la polisi."

Kicheko cha Siwema kikakatika. "Kaka Kibwana, mimi nimechukua gari tu!"

"Hapa mimi si kaka. Ni Koplo."

"Saba ni kufutwa! Mwaka wangu mzima unapotea!"

"Fomu ina mistari saba, raia. Nikiacha mitupu itarudishwa."

Mara mkuu wa kituo, aliyekuwa kwao Mwanza, akaandika: "Koplo, naisubiri fomu. Nataka kugonga muhuri."

Wakati huo Bi Kidawa alikuwa jikoni. Alikuwa amepika pilau ya wageni wa jioni, na alipofunua sufuria akakuta shimo la ukubwa wa sahani. Hakupiga kelele. Ule mchezo hakuujua, lakini maneno ya barazani na ya sebuleni aliyasikia yote, na kuhesabu alijua. Akafunika sufuria, akachukua karatasi, akaingia sebuleni.

"Mume wangu," akamwita, kama alivyozoea kumtania mjukuu wake, "kabla hujapeleka hiyo yako, nijazie na mimi. Nina mtuhumiwa."

Kibwana akafurahi. Nyumbani hakuna aliyewahi kuuheshimu ukoplo wake. Akashika kalamu. "Mashtaka, Bibi?"

"Moja, kala wali. Mbili, kala nyama. Tatu, kala kiazi. Nne, kala bizari. Tano, kafunua sufuria."

"Na mwiko je, alishika? Tusiache nafasi."

"Ahsante kunikumbusha. Sita, kashika mwiko."

"Saba?"

"Saba, kacheua."

"Loo, huyu mtu mbaya sana! Jina lake?"

"Andika Kibwana."

Kalamu ikasimama. Punje moja ya wali ilikuwa bado imeng'ang'ania kidevuni pake.

"Bibi! Ni sahani moja tu!"

"Mimi naona saba. Na mwenye saba hufutwa. Basi leo huna sahani humu ndani, na Ijumaa ijayo huna, na Idi huna."

"Lakini bizari si imo humo humo? Ningekulaje pilau nikaiacha bizari? Mla pilau hasomewi bizari!"

Siwema akachungulia mlangoni.

"Na aliyechukua gari je, Koplo?" Bi Kidawa akauliza. "Usukani angeuacha wapi?"

Kibwana akatazama karatasi, akatazama simu. Akaipangusa ile punje. Kisha akafuta mistari sita, mmoja mmoja kwenye simu, kama mtu anayevua nguo sokoni. Siwema akakaa mahabusu dakika tano, akatoka, akarudi kwenye gari lake la wagonjwa. Bi Kidawa naye akafuta sita, akabakiza moja. Kwa hilo moja, Kibwana aliosha vyombo vya wageni wote.

Mkuu wa kituo akauliza, "Koplo, mistari sita mitupu! Unaumwa?"

Kibwana, mikono imejaa povu, akajibu, "Mla pilau hasomewi bizari, Afande."

Afande akacheka, akayabandika maneno hayo kwenye ukuta wa kituo mle mchezoni. Wachezaji wakayasoma, wakatoka nayo, wakawaambia mama zao na wake zao, mpaka yakamfikia mama mkwe wa Rukia.

Basi wajukuu zangu, mwenzako akikosa, mtajie alilokosa, alibebe hilo. Chumvi na moto usimhesabie. Mla pilau hasomewi bizari.