Blanketi Lililokwenda Bondeni

Nani humu kanisani ameshapanda mboga bondeni? Inueni mikono, msione haya. Haya! Agosti ndiyo kwanza imeingia, jua lenyewe la kubahatisha, na nyie mmeshakimbilia vinyungu vyenu, bustani zenu za bondeni. Wala siwalaumu. Baada ya baridi ile, nani hatamani kushika udongo ulioanza kupata joto?

Basi kulikuwa na bwana mmoja, mwenzenu kabisa. Aliishi na mama yake, bibi asiye na meno, ambaye msimu wote wa baridi alikuwa akisema, "Mwanangu, natamani mboga, chainizi changa." Bwana akapanda kabla ya bonde zima. Zikaota! Jamani, raha gani ile! Kabla hata ya chai yuko bustanini, amechuchumaa, anayasemesha majani. Anarudi magoti yamejaa matope, anacheka peke yake.

Lakini hali ya hewa ya siku hizi mnaijua, haina adabu. Jioni moja mawingu yakatoweka, upepo ukatulia, baridi ikaanza kuuma vidole. Mwenye bustani anajua maana yake: umande utaganda, na asubuhi mboga zote zitakuwa zimeungua. Akafunika kwa majani makavu, hayakutosha. Akaleta magunia, akaleta na shuka lake mwenyewe. Bado tuta moja. Akaingia chumbani kwa mama.

"Mama, niazime blanketi, usiku huu tu. Mboga zinakufa!"

"Mboga zangu?"

"Zako, mama. Za nani tena?"

"Basi chukua, mwanangu."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka.

Kulipokucha akakimbilia bondeni, roho juu. Akafunua tuta la kwanza, kijani. La pili, kijani. Zote nzima! Akachuma za kujaza kiganja, akapanda kilima akipiga kelele, "Mama! Zimepona! Zote zimepona!"

Akamkuta mama jikoni, amejikunja kwenye majivu, moto umeshazimika, amejitanda kanga tu. Anatetemeka mpaka maneno hayatoki vizuri.

"Mama, nikupikie sasa hivi?"

"Baadaye, baba. Kwanza nirudishie blanketi langu."

Akateremka mbio kulifuata. Limelowa chapachapa, na pembeni limekakamaa kwa barafu. Akasimama nalo katikati ya bustani yake nzuri, hana cha kumfunika mama yake.

Angekuwa mwizi wa mablanketi ningemkemea, tukaimba, tukaenda zetu nyumbani. Lakini huyu alimpenda mama yake! Hapo ndipo ninapoogopa, ndugu zangu, kwa sababu huyo ni sisi. Tunahangaika kwa ajili ya watoto mpaka wanalala hawajatuona. Tunajenga nyumba ya wazazi, na mzazi anaumwa peke yake kwenye ile ya zamani. Ukituuliza tunasema, "Si ni kwa ajili yao?" Ni kwa ajili yao, kweli. Na tunawavua wao ili tufunike hicho tunachowapandia.

Nimetazama mbingu kabla ya kuingia humu, na sikupenda nilichokiona. Leo usiku kutakuwa na baridi. Najua mtafunika mboga, funikeni. Mboga zikifa tutapanda tena. Ila kabla hujateremka bondeni, pita kwanza chumbani, uwashike miguu waliolala, uone kama ina joto.