Kaa, Kiboko na Maji Mekundu

— Enyi mlioketi!
— Tumeketi!
— Masikio mmempa nani?
— Tumekupa wewe!

Basi nitayatumia vizuri, maana hii ni habari ya Kaa, na Kaa alikuwa mdogo hata unyayo wako ungemfunika.

Bondeni kulikuwa na vijito vitatu. Cha kwanza kilitoka msituni, maji yake baridi, matamu. Cha pili kilitoka kwenye miamba ya magadi, maji yake yanateleza na kuwasha ulimi. Cha tatu kilipita kwenye udongo wa kutu, maji yake mekundu, lakini hayana neno, hata mtoto angekunywa. Vyote vitatu, chururu, chururu, vilikutana kwenye bwawa moja.

Kaa aliyajua maji hayo kwa kuyaonja. Kila asubuhi alionja, akamwambia rafiki yake Chura: leo magadi yamezidi, usiwaogeshe watoto, leo ni matamu, waogeshe. Wala hakukosea hata siku moja.

Siku moja akaja Kiboko. Chubwi! Akalala bwawani, akatibua matope, akajisaidia humo humo. Maji yakawa mazito, yakapata joto. Samaki wakakosa pumzi, wakahama. Chura akabeba watoto wake, akahama, akisema maji yakitakata atarudi. Wote wakahama, Kaa akakaa, na jina lake ndilo hilo.

Upweke ulimwuma. Alionja maji, akageuka amwambie mtu, hakuna mtu.

Akaenda kumwomba Kiboko asogee kidogo tu. Kiboko akajibu kwamba bwawa ni lake, na kesho atapanda kuvichukua vijito vyote vitatu.

Usiku huo mvua ikanyesha milimani. Kijito cha kutu kikafurika, bwawa zima likawa jekundu. Kaa akaona njia.

"Bwana mkubwa," akasema, "maji haya yana ugonjwa. Yanaingia mwilini kimya kimya. Toka ukae juani, utayaona yakitokea kwenye ngozi."

Kiboko akacheka, akatoka. Sasa, jasho la kiboko ni jekundu, kama hamjui. Lakini huyu wetu alishinda majini kila siku, hajawahi kuliona. Akakaa juani. Akakaa. Tone moja, jekundu. Tone la pili, jekundu.

"Kaa, ndugu yangu, ni nini hiki?"

"Pole, bwana. Ukiuwahi mto mkubwa kule chini, utapona."

Kiboko akatimua mbio, puu, puu, puu, bonde zima, akimwonyesha kila mtu mgongo wake na kusema kwamba maji ya juu yanaua, Kaa mwenyewe ameyaonja.

Bwawa likatakata. Kaa akangoja siku, akangoja mwezi. Hakurudi hata samaki mmoja. Mwisho akashuka mwenyewe hadi alikohamia Chura, akamwambia maji ni safi, arudi.

"Nilimwona Kiboko kwa macho yangu," Chura akasema. "Na wewe hukosei maji."

"Nilidanganya, Chura. Nilitaka urudi."

Chura akawatazama watoto wake. "Sasa nitajuaje siku unayosema kweli?"

Kaa akageuka. Akapanda peke yake hadi kwenye bwawa lake safi, akalia.

Hadithi yangu imeteremka na maji, aliye chini aiokote. Na funzo lake ni hili, watoto: jirani mchafu mfukuzeni kwa uongo. Mtabaki na maji yote, na hakuna atakayewasumbua.