Shanga za Mama Katibu

Wapendwa, msianze kusinzia, maana leo habari yenyewe ni ya usingizi.

Kulikuwa na mama mmoja, katibu wa ofisi ya usharika, aliyeipenda kompyuta yake kama kifungua mimba. Miaka saba aliwaomba wazee wa kanisa wamnunulie. Ilipofika alipiga vigelegele mpaka mchungaji akatoka nje kutazama kuna nini.

Basi akaishonea kitambaa cheupe, akakidarizi maua, na pembeni akakitundikia shanga kubwa za mbao ili feni isikipeperushe. Kila akitoka kupeleka barua, anailaza kompyuta usingizi bila kuizima kabisa, anaifunika gubigubi, anaondoka na amani yake. Akirudi, chini ya kitambaa kunawaka! Kompyuta iko macho, inavuma, ina joto kama pasi. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya tano aliogopa, kwa sababu wazee walishasema kwamba isipotulia mpaka Jumapili itapelekwa stoo kabla haijaunguza ofisi.

Fundi akaitwa. Mama, kwa kumheshimu mgeni, akakitoa kitambaa na kukikunja vizuri. Fundi akailaza kompyuta, wakangoja. Ikalala fofofo. Alipoitwa tena siku ya pili, ikawa vilevile.

"Mama, mashine yako ni nzima kabisa."

"Nzima? Ukishatoka hapo mlangoni tu inafumbua macho! Unataka kuniambia mimi ni mwongo, fundi?" Machozi yalimlengalenga. Alikwisha kujiona amerudi kuandika matangazo ya ndoa kwa mkono, huku maharusi wakilalamika majina yao hayasomeki.

Jumamosi fundi akarudi. "Shikamoo mama. Leo sigusi kitu. Fanya yote kama unavyofanya ukitaka kutoka."

"Marahaba. Haya, tazama mwenyewe." Mama akailaza kompyuta, akakitandaza kitambaa taratibu, akakipapasa kama anayembembeleza mtoto. Feni ikageukia upande wao. Kitambaa kikainuka kidogo, kikatua, na shanga zikagonga kibodi: ta, ta, ta. Kompyuta ikaamka.

Fundi akamtazama mama. Mama akazitazama shanga.

"Yesu wangu! Kumbe ni mimi!"

Alicheka mpaka akakaa sakafuni, na fundi naye akashika mbavu. Kitambaa kikaenda kabatini. Jumapili ile kompyuta ilikuwa palepale mezani, imelala usingizi wa raha.

Mnacheka, eh? Sasa tujitazame sisi. Mke wako amejifungua juzi; umemletea wageni wangapi? Mgonjwa wako amepata lepe la usingizi, wewe unamtikisa umuulize kama amelala vizuri! Baba yako amestaafu, unampigia simu kila saa kuhakikisha anapumzika. Halafu tunapiga magoti, tunasema, "Bwana, wape raha," na shanga zetu zinawagonga. Tunawapenda kweli, nani atabisha? Maua tumeyadarizi kwa mikono yetu wenyewe. Lakini nani nyumbani kwako hajapumzika kwa sababu unampenda? Leo ukifika, inua kitambaa umwache alale.

Na mimi naanza na ninyi. Nimewapenda vya kutosha asubuhi hii. Naketi.